Makundi ya ushawishi Marekani: ni demokrasia au ni mwenye hela?

Mleta mada:
Wakuu, habari zenu. Makundi ya ushawishi ya Washington, yale yanayoshawishi wabunge na serikali kwa maslahi yao, yakitajwa, wengi wetu tunawaza bunduki na mafuta. Mimi naleta mitumba. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia mitumba iondoke sokoni ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.5. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu Marekani, SMART, kikapeleka malalamiko kwa Mwakilishi wa Biashara wa nchi hiyo: eti ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini, kwa hiyo faida za AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ziangaliwe upya. Hesabu ni yao wenyewe. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza kamba. Rwanda ikagoma, na Julai 2018 nguo zake zikaanza kutozwa ushuru Marekani. Chama ambacho hata Mmarekani wa kawaida hakijui kimerudisha nyuma sera ya nchi tatu. Nani alikipigia kura?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, inauma, ila hiyo ndiyo demokrasia yao. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yanampa kila mtu haki ya kuiomba serikali imwondolee kero. SMART hawakupita mlango wa uani. Julai 2017 kulikuwa na kikao cha wazi, na upande wetu ulisikilizwa. Haki hiyohiyo waliitumia watu wenye ulemavu tarehe 12 Machi 1990: waliacha viti vya magurudumu chini, wakapanda ngazi za Bunge kwa kutambaa, wengine wakijivuta kwa viwiko. Tarehe 26 Julai Bush baba akasaini sheria ya kulinda haki zao. Ukimzibia SMART, hao nao umewazibia.

Mchangiaji wa pili:
Tusimsingizie Mmarekani kila kitu. Barua moja tu, wakubwa wetu wakanywea. Kagame aliwezaje?

Mleta mada:
Wa pili, hilo lina uzi wake, na mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia. Wa kwanza, haki wanayo wote, sikatai. Ila kuna anayefika mara moja akitambaa na kuna anayeshinda humo ndani mwaka mzima. Chukua sheria ya dawa za wazee ya 2003. Ilikataza serikali kupatana bei na kampuni za dawa! Kura zilianza saa tisa usiku, zikaachwa wazi kwa karibu masaa matatu wakitafuta wa kubadili msimamo, ikapita 220 kwa 215. Billy Tauzin, mwenyekiti wa kamati iliyoishughulikia, Januari 2005 akaanza kazi ya kuongoza PhRMA, chama cha kampuni hizohizo. Ruhusa ya kupatana bei ilikuja 2022, tena kwa dawa chache kwanza. Miaka 19 serikali ilifungwa mikono, mzee akisubiri dirishani. Mimi ningeanza hapo: mbunge akitoka, asiruhusiwe kuajiriwa na aliowatungia sheria.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwa Tauzin tuko pamoja, marufuku iwekwe hata kesho. Lakini AARP, chama cha wazee chenye wanachama mamilioni, nacho ni kundi la ushawishi. Mwaka 2003 kiliunga mkono sheria hiyohiyo unayoilaani, na 2022 kikawa mstari wa mbele kudai bei zipatanwe. Hicho utakiweka fungu gani, mkuu?