Mrejesho: mwanga wa leza kwa vidole vya mama

Asalaam aleikum ndugu zangu. Niliuliza kama tiba ya leza itamfaa mamangu mwenye baridi yabisi, aliyevimba vidole hata kukamua tui hawezi. Alhamdulillahi, tumeianza hapa Mombasa. Huvishwa miwani ya kukinga macho, kisha mtaalamu huweka kifaa juu ya kila kiungo kilichovimba. Hakichomi wala hakiunguzi; mwanga hupenya ngozi ukafanya kazi kwenye seli.

Asubuhi vidole havikakamai muda mrefu kama zamani. Juzi kakamua tui mwenyewe, nikafurahi mno! Ila nisiwadanganye, nafuu hii ni ya muda, ugonjwa wenyewe hauondoki. Methotrexate, dawa yake ya baridi yabisi, anaendelea nayo, daktari kasisitiza. Dada uliyeniambia tusiache dawa, Mungu akulipe.