MacBook Air ya M4: itafika Kariakoo kwa bei gani, na ishindanishwe na ipi?

MpigaPicha_Sinza

Wakuu, habari za leo. Laptopu yangu imenifikisha mwisho. Jumamosi iliyopita narenda video ya sendofu (natoa ile iliyokamilika baada ya kuhariri), mteja kakaa pembeni anasubiri, mashine ikaanza kuunguruma kama kinu cha kusaga mahindi, halafu kimya. Imezima. Betri ilishakufa mwaka jana, nafanya kazi nikiwa nimechomeka ukutani, kwa hiyo umeme ukikatika na mimi nimekatika.

Apple wametoa MacBook Air yenye chipu yao ya M4. Imetangazwa Machi 5, 2025, madukani imeingia Machi 12. Kule Marekani ya inchi 13 iliingia kwa kuanzia dola 999, wakati ya M3 mwaka 2024 ilianzia 1,099. Safari hii ya chini kabisa inakuja na RAM GB 16, si zile 8 za kubaniana ilizotoka nazo M3. SSD, yaani hifadhi ya mafaili, bado GB 256. Kuna rangi mpya ya bluu ya anga, kamera ya megapikseli 12, na inaendesha skrini mbili za nje huku yenyewe ikiwa wazi. Ya M3 ilikuwa mpaka uifunike.

Nimezidisha 999 kwa shilingi 2,640 za dola moja, nimepata milioni 2.64. Nimeulizia duka moja pale Posta nikajibiwa "ikija itakuwa tatu na nusu kwenda juu." Hiyo laki nane na ushee inatoka wapi? Na kwa bajeti ya milioni 3.5, nichukue hii au nitazame Surface Laptop ya Microsoft, XPS 13 ya Dell, ThinkPad X1 Carbon ya Lenovo? Kazi zangu ni DaVinci Resolve ya kuhariri video, Photoshop, na hesabu za ofisi kidogo. Naomba kuwasilisha.

Wakala_wa_Bandarini

Mkuu, wengi mnakosea hapo hapo kwenye kuzidisha. Dola 999 ni bei ya Marekani bila kodi ya mauzo. Ukinunulia jimbo kama Oregon au Delaware hulipi kodi hiyo, majimbo mengine mengi inaongezwa pale unapolipa.

Sasa ilete nyumbani. Ushuru wa forodha kwa laptopu ndani ya Afrika Mashariki ni sifuri, hilo watu hawaliamini mpaka waone karatasi. Kinachokula ni VAT, asilimia 18, na inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri. Tuseme usafiri na bima ni dola 40: mzigo unakuwa dola 1,040, sawa na milioni 2.75 hivi. VAT yake ni kama laki nne na tisini. Ongeza tozo ya reli na ya uchakataji wa forodha, ukiziweka pamoja ni asilimia mbili na kitu, elfu sitini hivi. Umefika milioni 3.3 na duka halijala hata shilingi, halijalipa pango wala kijana wa kukufungulia boksi.

Kwa hiyo 3.5 yenye risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, si wizi. Mimi nikiambiwa 2.8 "mpya kabisa, haijafunguliwa" ndipo naanza kuuliza maswali.

MpigaPicha_Sinza

Dah. Kumbe yule jamaa wa Posta nimemsema bure.

Jirani_wa_Nairobi

Huku kwetu hesabu ni ile ile, majina ndiyo tofauti. Dola 1,040 kwa shilingi 129 ni kama elfu 134 za Kenya. VAT asilimia 16, ada ya tamko la uagizaji 2.5, ya reli 2. Inatua kwa elfu 160 na kidogo kabla ya faida ya mwenye duka. Ukizunguka Luthuli na Moi Avenue bei zitakuwa nyingi kama maduka yenyewe, na tofauti mara nyingi ni waranti tu. Mwenye bei ya chini atakwambia waranti ni "yetu ya duka, miezi sita." Muulize hiyo miezi sita imeandikwa wapi.

Wadau, M3 zilizobaki dukani zitashuka sasa. Ila angalia RAM. M3 za mwanzo zilitoka na GB 8, ni Oktoba 2024 ndipo Apple walipozipandisha hadi 16 kwa bei ile ile. Zote kwa nje zinafanana, boksi ndilo litakalokwambia.

Msafiri_Deira

Niko Dubai mwaka wa sita, kila mwezi naletewa ombi la "nibebee laptopu kaka." Niseme kweli: faida si kubwa kama mnavyodhani. Bei rasmi za huku ziko juu ya zile za Marekani, na VAT ya asilimia 5 imo ndani. Mtalii anarudishiwa sehemu ya hiyo VAT uwanja wa ndege, asilimia 85 yake, kisha wanakata dirham 4.80. Mashine ya dirham 4,000 ina VAT ya dirham 190 ndani yake, unarudishiwa kama 157. Hiyo ni laki moja na kitu ya kwenu. Mimi mwenye ukaazi hata hiyo sipati.

Pale mtaa wa kompyuta Bur Dubai bei zinashuka, lakini fungua macho. Kuna zenye kibodi ya Kiarabu na Kiingereza pamoja. Za Uingereza zina Enter kubwa na alama ya pauni juu ya 3. Zinafanya kazi vizuri, ila kama vidole vyako vimezoea ya Kimarekani utakosea wiki mbili. Halafu ya Marekani inakuja na pini bapa za chaja, ya Dubai inakuja na pini tatu kama zetu. Jambo dogo, lakini nimeona mtu kanunua mashine ya milioni tatu akaichomeka kwenye adapta ya elfu mbili inayotoa cheche.

Karani_Arusha

Naomba niulize kabla hamjamshauri zaidi. Kaka wa Sinza, hizo "hesabu za ofisi kidogo" unafanya kwa Excel au kwa Tally, ile programu ya uhasibu?

MpigaPicha_Sinza

Tally, dada. Mke wangu ndiye anaingiza, mimi natoa risiti tu.

Karani_Arusha

Nilijua. Basi simama hapo kwanza. Tally haina toleo la Mac. Wala zile Mac za sasa hazikubali kusimikwa Windows pembeni kama za zamani za Intel. Kuna Parallels ya kuendesha Windows ndani ya Mac, lakini unalipia, na Windows yenyewe inakuwa ile ya ARM, aina ya chipu isiyo sawa na za Intel. Kwa mambo ya kodi mimi sijaribu bahati namna hiyo tarehe 20 inapokaribia.

Na msikimbilie Surface Laptop mkidhani kwa kuwa ni Windows basi yamekwisha. Hii iliyotoka Juni 2024 inatumia Snapdragon, nayo ni ARM. Programu nyingi za zamani zinakwenda kwa kuigizwa, mashine ikijifanya ya Intel, lakini madereva ya vifaa (programu zinazoongoza printa na kadhalika) hayaigizwi, lazima yawe yameandikwa kwa ARM. Ofisini kwetu tuliletewa moja, nzuri kweli, kioo chake ukikigusa kinaitika, picha inajichora upya mara 120 kwa sekunde. Printa ya zamani ya risiti ikakataa katakata. Tukairudisha kwa mhasibu anayetumia barua pepe tu.

BabaThinkPad

Ndiyo maana nawaambia X1 Carbon. Gen 13 ina Intel Core Ultra, inchi 14, uzito chini ya kilo moja. Ina HDMI, ina matundu mawili ya USB ya kawaida, mawili ya Thunderbolt 4 (USB-C ya kasi) na la spika za masikioni. Unaingia ukumbini na projekta yao ya mwaka 2012, unachomeka, kazi inaanza. SSD unaibadilisha mwenyewe kwa bisibisi. Air ina matundu mawili ya Thunderbolt, la chaja na la masikioni, basi. XPS 13 ndiyo usiseme: mawili tu, hata la masikioni limefutwa! Na ile safu ya juu ya vitufe ni mwanga, si vitufe. Dell wenyewe Januari 2025 walitangaza kuliacha jina la XPS.

Jirani_wa_Nairobi

Baba, taja na bei basi.

BabaThinkPad

Karibu dola 2,000 Marekani 😅

Wakala_wa_Bandarini

Piga VAT hapo mkuu, halafu umtafutie mwenye uzi mkopo.

Fundi_wa_Aggrey

Mimi nazifungua hizi mashine kila siku, nitasema ninachokiona mezani.

Air haina feni. Kwa vumbi letu hiyo ni nusu ya waranti. Laptopu nyingi za feni zinazoletwa kwangu zikizima zenyewe, nikifungua nakuta blanketi la vumbi limekaa kwenye feni, na jeli ya prosesa imekauka imekuwa chaki. Hiyo ya kwako, Sinza, kuunguruma kisha kuzima, bila kuiona nakwambia ni hilo. Upande wa pili: ukirenda video ndefu mfululizo, Air inapata joto na kujipunguza kasi. Kwa sendofu ya saa moja haitakusumbua. Kama unafanya filamu nzima kila wiki, mwenzio mwenye MacBook Pro yenye feni atakuacha.

RAM imegandishwa, hata SSD huongezi. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. Lakini usilipe dola 200 za Apple kutoka 256 kwenda 512 kama pesa inabana. Nunua SSD ya nje ya USB-C, video zikae huko. DaVinci inasoma moja kwa moja kutoka humo bila shida.

Betri yake ni saa-wati 53.8. Apple wanasema saa 18 za kutazama video. Ukifanya kazi nzito sahau 18, ila umeme ukikatika saa nane mchana hutashtuka. Na pawabenki nzuri ya USB-C, ile inayotoa wati 30 au zaidi, inaichaji. Ya mAh 20,000 ni saa-wati 74 hivi, na ndege wanaikubali kwa kuwa iko chini ya 100.

Sasa kubwa kuliko yote, kwa watakaokimbilia iliyotumika. Mac nyingi za mtumba zilikuwa za kampuni au shule huko nje. Dukani inawaka safi, unalipa. Siku ukiifuta uanze upya, inakuletea ukurasa wenye jina la kampuni ya watu na kudai uingie kwa akaunti yao. Fundi hana dawa ya uhakika hapo. Kwa hiyo fanya hivi ukiwa bado umeshika pesa yako: mwambie muuzaji aifute yote mbele yako. Ikiwaka upya, iunganishe na intaneti ya simu yako, si ya dukani, na uendelee hatua kwa hatua mpaka uone skrini ya mwanzo. Muuzaji akisema "mtandao ruka tu utaweka nyumbani," mrudishie mashine yake umwage salamu. Namba ya mashine nayo unaiingiza kwenye tovuti ya Apple, inakuonyesha waranti inaisha lini. Iliyoitwa mpya na imebakiza miezi minne si mpya.

Msafiri_Deira

Fundi kaongea yote. Niongeze tu: waranti ya mwaka mmoja ya Apple kwa laptopu haifungwi na nchi uliyonunulia. Tunza risiti.

MpigaPicha_Sinza

Wakuu mmenifungua macho. Nikubali kosa: nilitaka mashine moja ifanye yote, na dada wa Arusha kanibana pabaya. Fundi, hiyo ya zamani nikuletee?

Fundi_wa_Aggrey

Ilete. Vumbi na jeli ni kazi ya nusu saa. Betri nitakutafutia. Mama atapata mashine yake ya Tally, na wewe ukatafute yako ya video.

MpigaPicha_Sinza

Mrejesho, Aprili. Nilisubiri wiki tatu. Nimepata Air ya M4, 16 kwa 256, ya bluu, milioni 3.4 na risiti ya EFD. Ile bluu wala usiitafute ndani ya duka, ni fedha tu. Ukitoka nayo juani ndipo inaonekana. Duka lilikuwa limebandika bei kwa dola, ila tangu mwisho wa Machi kanuni inataka bei itajwe kwa shilingi, kwa hiyo nilikuta karatasi mpya zimebandikwa juu ya zile za zamani. Bei ya jumla haikushuka lakini, hawa watu wanajua hesabu.

Mezani kwa Fundi ile ya zamani ilitoa vumbi la kujaza kifuniko cha soda. Sasa iko kwa mke wangu, haina hata mlio.

Jana nimerenda sendofu nyingine. Mteja akainama kusikiliza, akauliza, "Mbona kimya, imezima?"

Fundi_wa_Aggrey

Safi. Sasa usije ukabandika kile kifuniko cha plastiki juu ya kamera halafu ukaifunika. Nafasi kati ya kioo na kibodi ni nyembamba kuliko unavyodhani. Wiki hii tu nimepokea vioo viwili vilivyopasuka hivyo, na kioo cha hiyo mashine hutapenda kusikia bei yake.

MpigaPicha_Sinza

Nakibandua sasa hivi.