Grupu la mtaa, Mji Mkongwe Unguja: ukuta wa msikiti na safu ya Ishaa

Ami Mwadhini: Asalaam alaykum jamaa wa mtaa. Plasta ya ukuta wa kutilia udhu, upande wa kichochoroni, imeporomoka usiku pande zima. Alhamdulillah hapakuwa na mtu. Picha hizo natia. Tushaingia Shaabani na Ramadhani ndo hiyo inakuja, tutizame la kufanya.

Dada Muscat: Waalaykum salaam ami, poleni. Mie nna pesa nshaitilia nia ya msikiti tangu mwaka jana, nambieni tu mifuko mingapi ya simenti, tupige plasta ya maana ukuta mzima na chini tutie taili, tusihangaike tena.

Kaka Fuoni: Allah akulipe dada. Gari ninalo, simenti nakwenda kuipakia hata kesho.

Wifi Tomondo: Amin amin

Fundi Mzee: Ngojeni kwanza jamaa. Iloanguka ndo hiyo hiyo simenti. Itizameni picha ya pili, mtaona pande limetoka na mawe yake. Ule ukuta ni mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, basi, na jiwe la tumbawe linanyonya maji, yakinyesha linakunywa, likija jua linayatoa. Ukilifunga na simenti yale maji hayana pa kutokea, yanabaki ndani na chumvi yake, yanakula udongo kidogo kidogo na nyie nje mnaona ukuta mzuri umenyooka, kumbe nyuma unga mtupu. Na juu kuna boriti, vichwa vyake vimo ndani ya ukuta huo huo, vikikaa kwenye unyevu vinaoza na hapo tena hatuzungumzi plasta, tunazungumza dari kutuangukia tumo kwenye sijda. Mie nimezibandua simenti nyingi humu Mjini na kila nilipobandua nimekuta hali hiyo hiyo. Jumba la Beit el Ajaib mliliona lilivyoanguka tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili walifariki siku ile. Majumba haya yakichoka hayasubiri.

Dada Muscat: Subhanallah. Kwa hiyo chokaa?

Fundi Mzee: Chokaa. Na si ya kuchanganya leo ukapaka leo. Iwe imeroweshwa ikakaa wiki na wiki mpaka ikalainika kama siagi, ndo ichanganywe na mchanga. Nnaye mtu anayo ya mapipani imekaa muda. Tunapiga mkono mmoja mwembamba tunauacha, halafu wa pili, na kaskazi hii na jua lake lazima tufunike magunia maji, ikikauka mbio inapasuka. Tukianza sasa hivi tunawahi kabla ya masika.

Kaka Fuoni: Ghali zaidi?

Fundi Mzee: Chokaa yenyewe si ghali. Muda ndo mwingi, na mikono.

Ami Mwadhini: Na mjue hatuanzi kwa kujiamulia. Mji Mkongwe umo kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000, Mamlaka ya Mji Mkongwe wanataka kuarifiwa hata ukuta mdogo, na msikiti ni wakfu kwa hiyo na Kamisheni ya Wakfu nao wajue. Barua nshamwambia sheha, mkubwa wa shehia yetu, kesho asubuhi nampitia tunakwenda sote.

Wifi Tomondo: Ami Allah akuweke

Kaka Fuoni: Mie niseme kitu jamaa, na msinifahamu vibaya maana msikiti ule ndo nilosomea alifu na be. Nilipita Jumanne nikasali Ishaa, safu moja haikutimia. Wazee watano, mie, na vijana wawili watatu nyuma siwajui. Nimetoka pale moyo unaniuma mpaka nimefika Fuoni. Ukuta tutaupiga chokaa na utakaa, sasa nani atasali? Nyumba ya kwa marehemu bamkubwa hoteli, ya pembeni yake hoteli, ile ya ghorofa tatu imefungwa kufuli kwa sababu warithi hawajasikilizana, sie wenyewe tuko Fuoni, Tomondo, Muscat. Silaumu mtu, mie mwenyewe nilihama, watoto walikua na chumba kimoja hakitoshi. Lakini linanikera.

Mwalimu wa Chuo: Umesema kweli tupu.

Bi Mkubwa: Ni bibi, naandikiwa na mjukuu. Wajukuu zangu, nyie hamkuikuta Ramadhani ya mtaa huu. Ikifika alasiri kichochoro kizima kinanuka tui. Muhogo wa nazi huku, ndizi kule, kule tambi, na mtoto hakai, huyu anapelekwa na sahani kwa jirani, akirudi sahani ina kitu chengine, katlesi, au mkate wa kumimina. Wengine Masunni, wengine Maibadhi, kule Kiponda kuna Maithnaasheri na Mabohora, kila mtu na msikiti wake na futari inapita milango yote. Na kanisani Minara Miwili kengele yao inalia na wao wanatuletea. Mtu akikosekana Magharibi anapigiwa hodi, kulikoni, unaumwa? Sasa mie nakaa dirishani anapita mgeni ananipiga picha. Sina ugomvi nae, lakini hajui jina langu. Nawaombeni msiache msikiti ule ukafungwa nikiwa hai.

Dada Muscat: Bibi umeniliza 😭

Kaka Fuoni: Haufungwi bibi, inshaallah.

Mama Minara Miwili: Shikamoo Bi Mkubwa. Na mie niseme maana ni wa mtaa huu huu. Kwetu yametupata hayo hayo. Kanisa lile limejengwa miaka ya 1890, mama yangu akinambia zamani ukichelewa Misa ya Jumapili unasimama, familia zetu zikahama, nyengine mitaa ya Ng'ambo, nyengine Dar, nyengine mbali kabisa. Tukawa twalia kila siku nani amehama, mpaka siku moja nikageuka nyuma nikatizama nani amekuja. Wauguzi, walimu, vijana wa mahotelini kutoka Bara, wamejaa mabenchi ya nyuma, na hakuna hata mmoja wetu alokuwa amewauliza wanakaa wapi. Sasa ndo wanaoimba kwaya. Futari yangu iko pale pale, mkate wa kumimina sahani mbili, nambieni tu siku.

Bi Mkubwa: Marahaba mwanangu. Siku yako ni ile ile, ishirini na saba.

Mwalimu wa Chuo: Mama umenigusa hasa pale nilipotaka kuanzia. Kaka Fuoni umesema vijana wawili watatu nyuma huwajui. Mie nawaona kila siku, adhuhuri wanakuwa hata kumi, wamevaa sare za kazi, wanasali mbio na wanaondoka. Mmoja Micheweni, mmoja Tanga, kuna wa Mtambwe. Sie tunahesabu safu ya watoto wa mtaa, na hawa hatuwahesabu. Hebu mkumbuke maulamaa tunaojivunia. Sayyid Ahmad bin Sumait kazaliwa Ngazija, alikuwa nahodha wa jahazi kabla ya kuwa kadhi hapa. Sheikh Abdallah Bakathir ametoka Lamu akafungua chuo cha dini pale Ukutani. Wote wamefariki mwaka mmoja, 1925, na mpaka leo darsa za Mji huu zinarudi kwao. Hakuna hata mmoja alokuwa mtoto wa mtaa. Walikuja, wakapokewa, wakakaa. Nami nasema kwa yakini msikiti wetu hautajazwa na kuwangojea waliohama warudi. Utajazwa na hawa waliopo, tukiwapokea.

Kaka Fuoni: Hapo nimekuelewa mwalimu.

Wifi Tomondo: Wallahi sikuwahi kuliwaza hivyo

Ami Mwadhini: Yule kijana wa Pemba anaekaa chumba cha juu kwa Bi Mkubwa namtia kwenye grupu sasa hivi. Ndie anaenisaidia kufagia Ijumaa.

Mpangaji wa Juu: Asalaam alaykum wazee na ndugu zangu. Nashukuru kuingizwa

Dada Muscat: Karibu sana mdogo wangu. Ramadhani unafuturu wapi?

Mpangaji wa Juu: Nikiwa zamu ya jioni nafuturu kazini, kule stoo, tende na maji nikiwa nimesimama kwa sababu ndo wakati wageni wanashuka kula. Tunapewa dakika chache za kusali ndo nakimbilia msikitini. Mwaka jana nlikuwa naona mmetandika mkeka barazani mnakula, naona vizuri lakini nlikuwa naona ni watu wa hapa mnajuana, mie nikapita. Kwetu Wete nlizoea kula na watu sinia moja, kwa hiyo siku za mwanzo nlikuwa sipati usingizi.

Bi Mkubwa: Mwanangu umekaa juu ya kichwa changu mwaka mzima unafuturu stoo na mie nna chungu jikoni? Astaghfirullah. Ukitoka kazini unapiga hodi kwangu, hata usiku, chakula chako kitakuwa kimefunikwa.

Mpangaji wa Juu: Ahsante bibi. Sina la kusema

Ami Mwadhini: Na wenzako wa zamu waambie. Mkeka mwaka huu tunautandika mpaka pembe ya kichochoro. Atakaepata dakika kumi aje akae, asipopata achukue chake kwenye mfuko.

Wifi Tomondo: Sie wa Tomondo na Fuoni tugawane siku. Mie Alhamisi zote, muhogo wa nazi na uji wa ngano, nakuja na watoto kabisa wasali tarawehe hapo hapo tuondoke pamoja. Nani Jumatatu?

Kaka Fuoni: Jumatatu na Jumamosi kwangu. Na mwalimu, watoto wangu wawili nawaleta chuoni kwako Jumamosi na Jumapili kuanzia wiki hii, nisisubiri mwezi. Huko wana chuo chao lakini nataka waujue na huu.

Mwalimu wa Chuo: Waje baada ya alasiri. Watakuwa na wenzao, kuna watoto wa yule mama muuza urojo na wa yule mlinzi wa benki, wapya wote hapa mtaani na mashaallah wanashika.

Dada Muscat: Na muziki wa ile hoteli ya pembeni? Mwaka jana mlilalamika tarawehe haisikiki

Ami Mwadhini: Tulikwenda na sheha tukakaa na meneja kwa utulivu. Sasa wanazima kuanzia adhana ya Magharibi. Hilo limekwisha.

Dada Muscat: Alhamdulillah. Basi hivi, pesa ya taili naibadilisha. Nusu iende chokaa na ujira wa mafundi, nusu iende mchele, tende na mafuta ya futari ya barazani. Ami nakutumia leo. Na nikija likizo nataka nikae kwenye mkeka huo na mie.

Ami Mwadhini: Allah akupokelee. Nitaandika kila senti hapa kwenye grupu, mtu asije akauliza.

Fundi Mzee: Haya sasa nisikilizeni mie. Karatasi za ruhusa zikitoka tu, asubuhi yake baada ya alfajiri naanza kubandua simenti ilobaki. Nataka magunia ishirini, turubali la kufunika birika vumbi lisiingie kwenye maji ya udhu, na vijana wawili wa kugonga pole pole, si kwa nguvu, jiwe likitoka linarudishwa mahali pake. Nawafundisha hapo hapo. Mafundi wa chokaa tumekwisha humu, nataka nimwachie mtu.

Mpangaji wa Juu: Fundi mie asubuhi nipo, zamu yangu inaanza saa nane. Nikija na mwenzangu wa Tanga inafaa?

Fundi Mzee: Inafaa sana. Njooni na nguo za kuchafuka, na mjifunge vitambaa puani.

Kaka Fuoni: Magunia na turubali juu yangu.