Madhehebu ya wazushi wa mungu wa maangamizi: wanaamini nini?

Swali

Habari zenu wanajamvi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwaendeshea wenzangu wanne mchezo wa kuigiza wahusika katika ulimwengu wa kubuni wenye mto mkubwa, jangwa na mahekalu, na sasa ninahitaji madhehebu ya wazushi wanaomwabudu mungu wa kike wa maangamizi. Kila ninapoyaandika, ninaishia na watu wenye majoho meusi wanaochinja wasafiri usiku, nao wachezaji wangu huwaua bila kuuliza swali hata moja. Ningependa wasite kabla ya kurusha dadu. Je, mtu anayeyatamani maangamizi huamini nini, na kwa nini aitwe mzushi badala ya adui tu?

Jibu la 1

Ndugu mwulizaji, mzushi hatoki mbali. Amelelewa katika dini ile ile, anasali sala zile zile, na anakubaliana na makuhani karibu katika kila jambo ila moja. Kwa hiyo anza na dini yenyewe, utafute ndani yake mahali panapouma, ndipo uwaweke wazushi wako hapo.

Kwa kuwa una mto na jangwa, itazame Misri ya kale. Katika kaburi la farao Seti wa Kwanza kimeandikwa kisa cha mungu jua Ra aliyezeeka, wanadamu wakamfanyia njama, naye akalituma Jicho lake, mungu wa kike aliyegeuka kuwa Sekhmet mwenye kichwa cha simba jike, liwaadhibu. Baada ya mauaji ya siku ya kwanza Ra aliwahurumia waliobaki. Usiku huo ikapikwa bia, mitungi 7,000, ikatiwa udongo mwekundu ulioletwa kutoka Elephantine, kisiwa cha mto Nile, ikamwagwa mashambani. Kulipokucha mungu yule alidhani ni damu, akanywa, akalewa, na wanadamu wakapona. Wamisri walikuwa na sikukuu ya ulevi iliyofungamana na kisa hicho.

Sasa wabuni watu wanaokikubali kisa chote, lakini wanasema kwamba mungu wao alidanganywa, kwamba hukumu ilitolewa kwa haki na haijatimizwa, na kwamba hekalu linapomwaga bia kila mwaka linaurudia udanganyifu ule ule. Siku ya sikukuu, mji mzima ukilewa, wao hufunga. Hawana haja ya kumchinja mtu yeyote, wanangoja azinduke. Makuhani watawachukia kuliko wapagani wote wa jangwani, kwa sababu hawawezi kuwajibu kwamba amri ya kuua haikutoka kwa Ra, ilhali maandiko yao wenyewe yanasema ilitoka kwake.

Nakuomba jambo moja: mbuni mungu wako mwenyewe, umpe jina jipya, na usimchukue mungu ambaye watu wanamwabudu leo hii.

Jibu la 2

Naunga mkono, na ninaongeza kuhusu mwenendo wa waumini. Wakathari, Wakristo wa kusini mwa Ufaransa waliohukumiwa na Kanisa kuwa wazushi, hawakuabudu maangamizi, lakini waliamini kwamba ulimwengu huu wa vitu ni kazi ya nguvu mbovu, na imani hiyo haikuwafanya wakatili. Wale walioitwa Wakamilifu hawakula nyama, mayai wala maziwa. Ngome ya Montségur iliposalimu amri mwezi Machi 1244, watu zaidi ya 200 walichomwa moto kwa kukataa kuikana imani yao. Na katika siku chache za mapatano kabla ya hapo, baadhi ya askari walioilinda ngome waliomba kuwekewa mikono na kupokelewa miongoni mwa Wakamilifu, wakijua kwamba ibada hiyo itawapeleka kwenye kuni. Wape wachezaji wako mzushi wa namna hiyo, anayeishi kwa usafi kuliko kuhani anayemshtaki.

Jibu la 3

Makuhani wa Sekhmet walitajwa pamoja na matabibu, kwa kuwa yeye aletaye tauni ndiye awezaye kuiondoa. Basi mzushi wa kwanza watakayekutana naye awe mganga. Anamwosha mhusika kidonda na kukifunga kwa kitambaa cha kitani, huku ngoma za sikukuu zikisikika nje. Mtoto wa jirani analeta kikombe cha bia nyekundu. Mganga anakipokea kwa mikono miwili, anamshukuru, na mtoto akishatoka anaimwaga taratibu kwenye majivu ya jiko. Usieleze lolote. Waache waulize wenyewe.

Mwulizaji

Nawashukuru sana ndugu zangu. Nimeamua mganga huyo awe mama mzazi wa mmoja wa wahusika, na tutacheza sehemu hiyo Jumamosi. Ninachoendelea kukitafakari ni jibu atakalotoa mama huyo, mwanawe akimwuliza: "Mama, na mimi nimo katika hukumu hiyo?"