Mdogo wangu amepata notisi ya nyumba ya kaunsil London. Arudishe ufunguo?

Kutoka: Dada Mkubwa, Umoja

Habari zenu wapendwa. Naandika kutoka Umoja, Nairobi, na tangu Jumapili sijalala vizuri. Mdogo wangu wa kiume yuko kusini mwa London mwaka wa kumi na moja sasa, na nyumba anayokaa ni ya kaunsil, yaani halmashauri ya mtaa, ya chumba kimoja cha kulala. Kumbe ana deni la kodi la pauni 2,340 na hajamwambia mtu. Kitinda mimba wetu ndiye aliyeng'amua. Alimwona kwenye simu ya video amekaa gizani, akambana mpaka akatuma picha ya barua. Ni notisi. Wiki nne zikiisha wanaweza kwenda kortini kuidai nyumba.

Sababu tunaijua na inatuuma. Novemba mama alilazwa, bili karibu yote ikatoka kwake. Januari kazini wakampunguzia zamu. Hakusema neno. Kila mwezi aliendelea kutuma pesa ya dawa, nasi tukiona ujumbe wa M-Pesa tukamwombea baraka.

Sasa anasema afadhali arudishe ufunguo mwenyewe akalale kwa rafiki yake Luton, kuliko arudi kutoka kazini siku moja akute kufuli mlangoni na vitu vyake nje. Sisi tumeitisha mchango wa familia Jumamosi. Tukusanye deni lote? Na hiyo habari ya ufunguo mnaionaje?

Kutoka: Mpwa, Leicester

Dada, mpigie usiku huu huu umwambie ufunguo usitoke mfukoni mwake. Mengine atakueleza Shangazi wa South B, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Kutoka: Shangazi, South B

Pole sana, mwanangu. Nilifanya kazi miaka 17 katika halmashauri moja ya London, ofisi ya kusaidia wapangaji wasipoteze nyumba, kabla sijarudi nyumbani. Acha nikueleze kwa kirefu, nawe umsomee kwa simu, kwa sababu mtu mwenye hofu hasomi barua ndefu.

Nianze na kufuli. Hofu aliyo nayo ni ya hapa kwetu. Amekulia Eastlands, ameona keateka akifunga mlango tarehe sita ya mwezi, ameona ploti ambako mabati yanang'olewa mtu akiwa bado ndani. Uingereza kumfungia mpangaji nje bila amri ya mahakama ni kosa la jinai, kwa sheria ya mwaka 1977, na kaunsil haina ruhusa hiyo. Kutoka notisi hadi mlangoni kuna ngazi: notisi ya angalau wiki nne, kisha kesi kufunguliwa, kisha kusikilizwa, kisha amri, kisha barua ya maafisa wa mahakama inayotaja siku, nayo humpa siku zisizopungua 14. Ni miezi, na kwenye kila ngazi jambo hili linaweza kusimamishwa.

Ndiyo maana ufunguo usirudi. Akiurudisha, ameandika kwamba ameondoka kwa hiari yake. Akienda kesho kuomba msaada ataambiwa amejifanya mwenyewe kukosa makao, na maneno hayo yamewafungia watu wetu milango mingi. Tangu Aprili 2018 halmashauri za England zina wajibu wa kumsaidia anayekabiliwa na kupoteza nyumba ndani ya siku 56, na wajibu huo unamkuta akiwa bado ndani. Luton aende kutembea tu.

Sasa aongee na afisa wa kodi, na aongee kwa barua pepe ili ibaki rekodi. Kabla ya kwenda kortini kaunsil inatakiwa kuwa imezungumza naye, imetazama mapato yake, imejaribu kukubaliana naye kiasi anachokiweza na kumsaidia kuomba ruzuku anazostahili. Hakimu ataliuliza hilo. Tena mpangaji wa kaunsil aliyepita mwaka wa kwanza wa majaribio hapotezi nyumba kwa sababu tu deni lipo. Hakimu lazima aridhike kwamba ni haki kumtoa. Nimekaa kwenye korido za korti hizo asubuhi nyingi, na wengi niliowasindikiza walitoka na amri iliyosimamishwa kwa masharti: lipa kodi ya kila wiki na kidogo juu yake, ubaki kwako.

Mtego uko kwenye hicho kidogo. Mtu akiona aibu huahidi makubwa. Anasema pauni 100 kwa wiki mbele ya hakimu ili aonekane mwaminifu, wiki ya tatu anashindwa, na amri iliyokuwa imelala inaamka. Aseme anachoweza kulipa hata wiki mbaya, aonyeshe hesabu yake kwenye karatasi.

Kuhusu ruzuku, watu wetu wengi huamini Universal Credit, ruzuku ya serikali ya huko, ni ya asiye na kazi. Mwenye kazi ya kipato kidogo anaweza kuipata pia, na ndani yake mna fungu la kodi. Angeiomba Januari. Kurudishiwa nyuma ni mwezi mmoja tu, tena kwa sababu maalumu, na malipo ya kwanza huchukua kama wiki tano, kwa hiyo siku anazokaa akiwaza zinamtoka. Akikubaliwa, aombe fungu la kodi liende moja kwa moja kwa kaunsil, lisipitie mkononi mwake. Nasema hivi kwa upendo. Pesa ikipitia mkononi mwa kijana mwenye mama mgonjwa Nairobi, sote tunajua itakapoishia.

Wakili ni bure. Tangu tarehe 1 Agosti 2023, yeyote wa England au Wales mwenye maandishi ya kwamba nyumba yake iko hatarini anapata ushauri wa kisheria bila malipo, hata awe na kipato gani, na siku ya korti kuna mshauri wa kusimama naye. Huduma hiyo inaitwa Housing Loss Prevention Advice Service. Akikwama kuitafuta aende Citizens Advice au awapigie Shelter, mashirika ya kushauri watu bure.

Nimeliacha mwisho lile la kukaa gizani, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Tulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Mombasa, mjane. Barua za kaunsil alikuwa akizitia kwenye kapu la ukili nyuma ya mlango, zote zimefungwa. Ofisi ya kodi ilimwandikia barua saba. Ghorofa mbili juu, jengo lile lile, idara ya ustawi wa jamii ilikuwa na faili lake, kwa kuwa kisukari kilikuwa kimemharibu miguu na mtu wao alikwenda kumtazama. Hakuna aliyeuliza ghorofa nyingine. Nilimjua siku ya kufukuzwa ilipokwisha kupangwa. Tulijaza fomu ya N244 ya kuomba korti isimamishe, hakimu akaikubali asubuhi ya siku yenyewe, maafisa wakiwa wamepangiwa saa tano. Baadaye akafanyiwa tathmini, akapata mtu wa kwenda kila Alhamisi wakafungue barua pamoja juu ya chai. Aliishi kwenye nyumba ile mpaka alipofariki.

Kwa hiyo mdogo wako asidhani kaunsil ni mtu mmoja. Idara zake haziambiani. Kama halali usiku, hali chakula, hafungui barua, ayaandike hayo kwa afisa wa kodi na aombe apelekwe kwa wasaidizi wa wapangaji. Aende kwa daktari wake, apate maandishi. Sheria ya huduma ya mwaka 2014 inaitaka halmashauri imfanyie tathmini mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, hata akiwa ni kijana mwenye mikono miwili. Mshauri wa madeni naye anaweza kumwombea siku 60 za kupumua, ambazo mdai hamgusi kwa deni la nyuma ilhali yeye anaendelea kulipa kodi ya sasa. Mpango huo upo tangu Mei 2021.

Na mchango wenu. Msikusanye pauni 2,340. Mtakopa kwenye chama na sako, na baada ya miezi minne zamu zikiwa bado hazijarudi deni litakuwa limezaliwa upya. Kusanyeni kodi ya wiki chache ili akaunti yake ionekane ikishuka kabla ya korti, kisha mmwondolee mzigo wa huku. Mama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali? Tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asiye na mshahara anaanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Amefika miaka 70? Nendeni kwa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu mwulize usajili wa Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi. Si nyingi, lakini zinanunua dawa za presha. Zinazopungua mgawane ninyi mlioko hapa. Yeye kwa miezi sita asitume kitu, na neno hilo litoke kwenu, kwa sababu yeye hatalisema kamwe.

Kutoka: Dada Mkubwa, Umoja

Shangazi, Mungu akuweke. Nimemsomea yote, alinyamaza muda mrefu kisha akaniomba nirudie ile sehemu ya kufuli. Swali moja: mkewe alimfuata mwaka jana kwa viza ya mwenzi, na imeandikwa kwamba haruhusiwi fedha za umma. Je, mume akiomba ruzuku atamharibia?

Kutoka: Shangazi, South B

Hapo aende polepole. Yeye mwenye haki anaweza kuomba, lazima amtaje mkewe, na atahesabiwa kiwango cha mtu mmoja. Asipate nyongeza yoyote kwa ajili yake. Jina la mke lisiingizwe kwenye mkataba wa nyumba kabla ya kuongea na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, si rafiki wa kanisani. Ushauri wa kisheria wenyewe hauhesabiwi fedha za umma, kwa hiyo wasiogope kuutafuta.

Kutoka: Dada Mkubwa, Umoja

Nimerudi kuwapa habari baada ya wiki kumi na tatu. Notisi ilipoisha kaunsil walifungua kesi hata hivyo, kwa kuwa yule afisa wa kwanza alikuwa amehama na barua pepe zake zikawa zimelala. Mshauri wa bure alizichapisha zote akaziweka mbele ya hakimu. Ilichukua dakika kumi na mbili. Kesi imeahirishwa kwa masharti: kodi ya kila wiki na pauni 6 juu yake. Universal Credit imeanza, fungu la kodi linakwenda moja kwa moja. Daktari amempa dawa ya usingizi na mtu wa kuongea naye kila wiki mbili.

Mama tulimwambia. Alikasirika kwamba tulimficha, si kwa sababu ya deni. SHA yake imelipwa ya mwaka, na kwa Inua Jamii chifu amechukua nakala ya kitambulisho. Ametimiza 71 Machi.

Mdogo wangu barua ikija hutuma picha ya bahasha kabla hajaifungua. Tunafungua pamoja kwa simu, saa tatu usiku ya huku, mkewe akisoma kwa sauti.