Kila muuzaji anaonekana kajiunga wiki hii, nimekosea wapi?

kisoko_dev
Habari zenu wakuu. Nina kisoko changu cha mtandaoni cha spea za simu za mtumba, vioo, betri, bodi na takataka nyingine, nimekitengeneza mwenyewe kwa PHP na MySQL (programu inayotunza databesi) na sasa kina miaka kama sita. Wanunuzi wananilalamikia sana matapeli, mtu anafungua akaunti jana leo anaweka kioo cha iPhone nusu bei, akishatumiwa hela anazima simu. Nikaona nifanye kama X na Facebook, kwenye profaili ya muuzaji pakae "Mwanachama tangu" mwezi fulani mwaka fulani, mnunuzi aone aamue mwenyewe. Kolamu ya tarehe_kujiunga ipo kwenye databesi toka siku ya kwanza kwahiyo nikajua ni kazi ya nusu saa.

Nimeweka laivu jana usiku. Asubuhi napigiwa simu na muuzaji wangu wa zamani kuliko wote, mzee mmoja niliyemsajili mwenyewe nikiwa nimesimama pale kaunta kwake, ananiambia "kijana, mbona umeniandika mgeni?" Naangalia, kweli, kajiunga jana saa tatu usiku. Nafungua wengine, wengi ni wiki hii hii, kila mtu na saa yake. Wenye tarehe za zamani ni wale ambao hawajaingia siku nyingi. Yaani matapeli niliowafungia 2022 ndio wanaonekana wakongwe wa soko!!

fundi_tebo
Mkuu umeshajijibu hapo mwisho. Mtu akiingia, huwa unarekodi mara ya mwisho kuonekana kwenye tebo hiyo hiyo? Piga SHOW CREATE TABLE wauzaji, itakuonyesha tebo ilivyoundwa. Halafu tuletee mstari wa hiyo kolamu tu.

kisoko_dev
Ndiyo narekodi. Mstari huu hapa:
`tarehe_kujiunga` timestamp NOT NULL DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP ON UPDATE CURRENT_TIMESTAMP
Hiyo ON UPDATE wallahi sijaiandika mimi.

fundi_tebo
Hujaiandika, MySQL imekuandikia. Kwenye matoleo ya kabla ya 8, kolamu ya kwanza ya TIMESTAMP (tarehe na saa) kwenye tebo usipoielekeza kitu inajipachikia yenyewe default, yaani thamani ya kuanzia, ya sasa hivi na pia hiyo ON UPDATE, yaani kujisasisha kila taarifa za muuzaji zikibadilika. Kwahiyo mzee wako akiingia, ile "mara ya mwisho" inabadilika, na tarehe ya kujiunga nayo inaburuzwa humo humo. Akibadilisha namba ya simu, vilevile. Imekuwa ikifanya hivyo miaka yote, we ulikuwa huitazami tu.

Chukua bekapu kwanza, narudia, BEKAPU KWANZA, halafu:
ALTER TABLE wauzaji MODIFY tarehe_kujiunga DATETIME NOT NULL DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP;
Hapo ON UPDATE imeondoka, umeziba tundu. Maji yaliyomwagika hayo sasa ni habari nyingine.

bi_seva
Kaka usikate tamaa, nyingi zinarudi. Anza na bekapu zako za zamani, kwa kila id (namba ya akaunti) tafuta ile ya mapema kuliko zote inayomwonyesha, kila unavyorudi nyuma tarehe inakuwa karibu na ukweli. Pili, kama mfumo wako unatuma imeili ya "Karibu", fungua boksi la zilizotumwa, pale tarehe zipo kavu kabisa hakuna wa kuzigusa. Waliobaki chukua tangazo lao la kwanza, hawezi kuwa alijiunga baada ya kutangaza. Na id zinapanda kwa mpangilio, kwahiyo kama 212 ni Machi na 230 ni Aprili, huyo 220 hawezi kuwa Desemba.

Wa kukosa kabisa mwachie wazi, usimtungie. Hata Wikipedia akaunti zilizofunguliwa kabla ya mwisho mwisho wa 2005 nyingi hazikurekodiwa tarehe ya usajili, kwasababu mfumo ulikuwa bado hauitunzi.

Halafu angalia saa ya seva. Ikiwa iko UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa matatu. Mtu akijisajili mkesha wa mwaka mpya saa nane usiku, seva yako inaandika saa tano usiku tarehe 31 Desemba, umeshamwongezea mwaka mzima kwenye profaili. Ukifungua koneksheni ya databesi weka SET time_zone = '+03:00'; yaishe.

mtu_wa_254
Bosi mimi ningeonyesha mwaka pekee, ama mwezi na mwaka, siku na saa uziweke huko ndani. Google kwa ile fomu ya kurudisha akaunti waliwahi kuwa wanauliza ulifungua akaunti mwezi gani mwaka gani, sasa wewe ukiibandika hadharani na wakati huo huo kijana wako wa huduma kwa wateja akiulizwa na mtu aliyepoteza paswadi anaitumia kama uthibitisho, si umempa mwizi jibu? Na ujue akaunti nzee zinauzwa. Tapeli anayejua kazi yake hafungui mpya, ananunua ya 2019 anabadilisha namba. Kwahiyo kando ya mwaka weka pia "namba ya simu ilibadilishwa juzi", hiyo ndiyo itamwamsha mnunuzi.

kisoko_dev
Hiyo ya namba ya simu sikuwa nimeiwaza kabisa, naiongeza wikiendi.

Mrejesho: nimepiga ALTER, tarehe zimetulia. Imeili za Karibu zilikuwepo zote mpaka za 2020, za kabla ya hapo nilikuwa natuma kwa imeili yangu binafsi nikazifuta kupunguza nafasi, hao nimewaandikia "2020 au kabla". Mzee kanipigia tena. Anasema hiyo "au kabla" haitaki, anayo ile karatasi niliyomwandikia paswadi yake ya kwanza, chini ina tarehe kwa mwandiko wangu. Kesho napita kuipiga picha.