Nimemaliza Horizon Forbidden West kwenye PS4 na nina hasira: ule si mwisho

Wadau, salaam. Uzi huu unafichua hadithi yote mpaka dakika ya mwisho, kwa hivyo kama bado unacheza, kaa kando kwanza, utarudi ukimaliza.

Nimemaliza jana usiku na nimeamka bado moto. Naipenda gemu hii. Nisingeipenda ningerudisha diski dukani nikachukua ya mpira kama majirani. Kinachoniuma ni kwamba watu walioweza kutengeneza mambo mazuri kiasi kile wameshindwa kumaliza hadithi yao wenyewe, halafu kipande cha kuiendeleza wamekiweka mahali ambapo wengi wetu hatufiki.

Kwa wasiojua hali ya huku Kisumu: ukipita Kondele au Manyatta vibanda vya gemu si vya kutafuta, lakini ndani ni mpira tu, kwa sababu mwenye kibanda analipwa kwa mechi. Nani atakuachia skrini uzurure milimani ukichuma dawa na kusikiliza watu wakisimulia historia ya kabila lao? Gemu ya hadithi inataka mashine yako, nyumbani kwako, stima ikiwepo. Na mashine ambayo wengi tumeimudu ni PS4 ya mtumba. Forbidden West ilitoka tarehe 18 Februari 2022 kwa PS4 na PS5 siku moja. Yaani tuliambiwa na sisi tumo.

Na kweli tulikuwemo. Nendeni Plainsong, kwa kabila la kule linaloitwa Utaru, mkasikilize wanavyoimba wakiwa kazini. Mashamba yao yanalimwa na mashine wanazoziita miungu ya ardhi, na mashine hizo zimeugua. Kila mahali kuna ule ugonjwa mwekundu unaokaba mimea, na watu wanahesabu chakula kilichobaki ghalani. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Dunga akaona gugumaji limefunga ghuba, mashua zimekwama na wavuvi wamekaa tu, ataelewa uso wa Zo, mwanamke wa Utaru, anapoeleza kwamba watu wake wameanza kukubali kufa. Hilo sikulitarajia kutoka kwa gemu ya mishale na maroboti.

Mapigano nayo ni safi. Kuna mashine inaitwa Tremortusk, ndovu wa chuma mwenye mizinga mwilini. Mara ya kwanza alinikanyaga vibaya. Ukishatulia unajifunza: unajificha kwenye nyasi, unamkagua kwa kile kifaa cha sikioni, unachagua mishale ya kung'oa vipande, unaanza na mizinga ndipo unageukia pembe. Kila kipande kikidondoka unasikia chuma kinagonga ardhi na mnyama mzima anapoteza nguvu mbele ya macho yako. Thunderjaw ndiye mtamu zaidi, kwa sababu unamng'oa silaha yake, unaiokota, unampiga nayo mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa akiacha kazi ya shule kuja kutazama.

Na Las Vegas jamani. Unapiga mbizi kwenye magofu yaliyofurika chini ya jangwa, unahangaika na pumzi, unatoka, na usiku ule taa za hologramu zinawaka juu ya mchanga. Pale niliweka padi chini nikatazama tu.

Sasa tuje kwa madhambi.

Maadui wa gemu hii wanaitwa Zenith. Ni matajiri wa karne ya 21 ambao, wakati roboti za Ted Faro zinakula kila kilicho hai, walipanda chombo chao wakaondoka na kuacha wengine wote wafe. Baada ya takriban miaka elfu moja wanarudi, watu wale wale, hawajazeeka, ili waibe GAIA, ile akili bandia aliyoiacha Elisabet Sobeck kuifufua dunia. Wazo la adui kuliko hili utalipata wapi? Matajiri waliokimbia, wanarudi kudai kilichopandwa na waliobaki! Mtu wa huku hahitaji kuelezwa mara mbili. Halafu wamefanyiwa nini? Wamepewa ngao zisizopenyeka na mazungumzo ya kuhesabika. Erik anatisha kwa sababu anaua akicheka, basi. Gerard ndiye kiongozi na sikumbuki neno lake moja la maana. Wengine hata majina hukai nayo. Ngao zinazimwa, mashine zinawashukia, wanakwisha. Nilikuwa nawasubiri nizungumze nao. Nilitaka Aloy, yule msichana tunayemchezesha, awaulize mbele ya uso: mliondokaje?

Varl. Hapa ndipo sitasamehe. Huyu ni kijana wa kabila la Nora tuliyeanza naye mwaka 2017 kwenye Zero Dawn, gemu ya kwanza. Dada yake Vala aliuawa siku ile ya mashindano. Mama yao, Sona, ni mkuu wa vita ambaye hakupata hata nafasi ya kulia vizuri. Kwenye gemu hii Varl amekua, amejifunza kutumia kile kifaa cha sikioni, amempenda Zo, ndiye mtu pekee anayeweza kumwambia Aloy akae chini apumzike na Aloy akasikia. Tunafika kituo cha GEMINI, Zenith wanaingia, Erik anamchoma, kwisha. Beta, nakala ya Elisabet kama Aloy mwenyewe, anachukuliwa, GAIA anachukuliwa, na Aloy anaamka nyumbani kwa Tilda, mmoja wa Zenith, akionyeshwa picha za wachoraji wa kale wa Uholanzi. Picha! Nimezitazama zile picha nikiwa sioni chochote, kichwani kuna Varl tu.

Kambini, kweli, wanamwomboleza, na Zo anasema ana mimba yake, na maneno yale yalinigusa. Lakini Sona yuko wapi? Mwanamke amezika binti, sasa na mwana ameenda, na sisi hatupewi hata nafasi ya kumpa habari. Kwetu mtu akifa, kabla hujapiga hatua nyingine unauliza mama yake ameambiwa na nani. Misheni nzima ipo ya kutafutia wachimbaji taa za Las Vegas. Ya kumpelekea Sona habari ya mwanawe haipo.

Halafu Nemesis. Tangu 2017 swali lilikuwa moja: ile ishara iliyomwamsha HADES, akili bandia ya maangamizi tuliyopigana nayo gemu ya kwanza, ilitoka wapi? Miaka mitano tumelibeba. Jibu linakuja karibu kabisa na pambano la mwisho, kwa mdomo, watu wamesimama. Kumbe Zenith walijaribu kunakili akili zao ziishi milele, jaribio likaharibika, wakalifungia, likatoka, likawaangamizia makao yao huko kwenye nyota ya Sirius, nalo ndilo lililotuma ishara, na sasa linakuja duniani. Yaani adui niliyepigana naye gemu nzima alikuwa mkimbizi tu, na adui wa kweli sijamwona hata kivuli. Tilda, mwanamke aliyempenda Elisabet na anayetaka kumchukua Aloy awe badala yake (na hili ni wazo zito, lingestahili saa nzima), anageuzwa kuwa roboti kubwa la kupigwa mishale mpaka mkono uume. Roboti linaanguka, marafiki wanatumwa kwenda kuyaambia makabila yajiandae, majina ya watengenezaji yanapanda.

Hadithi ya pili katika mfululizo inaweza kuacha mlango wazi, hilo sikatai. Zero Dawn iliuacha wazi pia, lakini HADES alishindwa, siri ya Elisabet tukaijua, Aloy akafika kwake akakaa naye. Nilizima mashine nikiwa nimeshiba. Hapa kila kitu kilichokuwa kikinipeleka mbele kimeambiwa kwamba hakikuwa chenyewe.

Faro sitamzungumzia sana maana nitakosa usingizi tena. Tunafika mpaka kwenye handaki lake San Francisco, yule aliyeua dunia nzima yuko hai kwa namna fulani nyuma ya ukuta, na hatuonyeshwi. Sauti tu.

Nikasema sawa, kuna nyongeza, Burning Shores, nitaelewa huko. Ilitangazwa Desemba 2022, ikatoka tarehe 19 Aprili 2023, inafanyika kwenye magofu ya Los Angeles, na ni ya PS5 peke yake. PS4 hamna. Baadaye ikaenda na kwenye kompyuta, Machi 2024. Sababu iliyotolewa ni ya kiufundi, na mimi si fundi wa kubishana nao. Najua pia kwamba toleo la PS4 linahamia PS5 bila malipo, msinikumbushe. Kuhamisha gemu ni bure, mashine ya kuhamia si bure. Swali langu ni hili: kama mnajua kipande hicho hakitachezeka kwenye mashine mliyotuuzia hadithi, kwa nini mkaweka humo hatua inayofuata ya Nemesis? Wekeni huko milima, mashine mpya, mapambano makubwa mnavyotaka. Msiweke uti wa mgongo.

Na kuna Sylens, yule mtafiti wa siri za kale anayemwelekeza Aloy tangu gemu ya kwanza. Aliyempa sauti, Lance Reddick, alifariki tarehe 17 Machi 2023, mwezi mmoja hivi kabla ya Burning Shores kutoka. Ile sauti yake nzito, ya mtu anayejua zaidi yako na hataki kukwambia, imenisindikiza gemu mbili. Mwishoni mwa Forbidden West anaweza kuondoka na chombo akaokoa roho yake, na anaamua kubaki. Ni tukio fupi na ndilo bora kuliko yote ya saa ile ya mwisho. Kazi yake ya mwisho akiwa Sylens iko kwenye nyongeza ambayo mashine yangu haiisomi. Nimetazama vipande mtandaoni kwenye simu, bando likiisha katikati ya sentensi yake. Hivyo sivyo nilivyotaka kuagana naye.

Nawauliza mliomaliza kwenye PS4, wa hapa Kisumu, Nakuru, Kakamega, popote: mlifanya nini? Mlitazama yote mtandaoni au mmeiacha mpaka mpate mashine? Na kama kuna mtu Kisumu mwenye PS5 na Burning Shores anayekubali mtu aje acheze kwake kwa malipo ya saa, aseme hapa. Padi nitakuja nayo.